Tisa Shambani kwa Mvivu

Akita, 14 Novemba

Mjukuu wangu Chizuru,

U mzima huko mjini? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto siku hizi linatabiri theluji kuliko redio. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Sasa tega sikio. Wale batamaji wadogo unaowasomea wamefika! Kumi na wawili, wa kijivu kama jivu la jikoni, wanafuata nyuma ya wale weupe wakubwa. Basi mwaka mpya huu njoo uwahesabu hapa. Mwaka wa tatu sasa mochi, keki zetu za mchele za mwaka mpya, unazila kwa watu.

Babu yako, Tokuji

Osaka, 22 Novemba

Shikamoo Babu,

Pole na goti. Mimi sijambo, na mwambie Bibi ninakula.

Babu, hao wa kijivu ni watoto wa wale wakubwa! Batamaji mtoto huwa wa kijivu mwaka wa kwanza, na husafiri na wazazi wake. Batamaji wadogo ninaowasomea ni aina nyingine kabisa, nao wakikua huwa weupe vilevile. Tazama mdomo. Kwa wale wakubwa, njano inashuka imechongoka mpaka inapita tundu la pua. Kwa wadogo, njano ni kipande cha mviringo karibu na macho, kwingine kote ni kweusi. Shingo yao pia ni fupi.

Mwaka mpya Profesa wangu ananituma popote walipo wadogo. Wasipokuwepo huko, nitakwenda Niigata. Natamani nyumbani, Babu, lakini siwezi kumdanganya.

Mjukuu wako, Chizuru

Akita, 5 Desemba

Mjukuu wangu mjuaji,

Barua imefika, na aibu imefika nayo. Hatujambo.

Nikwambie ukweli: shambani kwangu hakuna hata unyoya. Nilipomaliza kuvuna mpunga nililima, nikazika punje zote. Ndege wote wako kwa Yasaku, jirani niliyemwita mvivu miaka arobaini kwa kuacha mabua yake mpaka theluji iyeyuke. Wanashinda pale wakiokota punje zilizodondoka, jioni wanarudi kulala ziwani.

Nikaenda kuomba nisimame kwenye tuta lake.

"Sema kwanza mimi ni mkulima hodari," akaniambia.

"Haya, wewe ni mkulima hodari."

"Paza sauti, Toku. Wale wa mwisho hawajasikia."

Nikapaza. Ndege mia mbili wakainua shingo. Bibi yako alisikia kutoka jikoni, mpaka leo anacheka.

Nimesimama pale asubuhi nne. Njano iliyochongoka, nyingine iliyochongoka, mpaka kamasi ikaganda. Jana nikaona kikundi pembeni, kimejitenga kama wakwe. Shingo fupi. Njano ya mviringo, ndogo kama kiini cha yai la kware. Tisa! Yasaku akasema kumi. Tukatukanana vizuri sana, halafu upepo ukavuma na yule wa kumi akaruka: mfuko wa mbolea.

Mwambie Profesa tisa. Akibisha, aje abishane na Yasaku.

Babu yako, Tokuji

Osaka, 13 Desemba

Babu, shikamoo, na Bibi pia,

Kadi hii ni ndogo, kwa hiyo kwa kifupi: Profesa amekubali! Nafika tarehe 29, treni ya asubuhi, nakaa siku kumi. Mpe Mzee Yasaku heshima zangu.

Barua yako niliisomea maktaba. Nilipofika kwenye "tisa" nilipiga kelele mpaka wakanitoa nje.

Mjukuu wako, Chizuru