Usikichomoe Tena Kisanduku cha Moyo, Shangazi

Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho,
Jumapili, tarehe 8 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Ndiyo, mume wangu ni huyo huyo! Yule uliyembandika jina la Bisibisi siku ya harusi, kwa kuwa alikaza kiti chako kilichokuwa kikiyumba kabla hata hajaketi karibu nami. Shikamoo, Shangazi yangu. Kifua kimetulia? Unapanda ngazi bila kupumzika katikati? Sisi wazima, nami nimenenepa kwa furaha, usicheke.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Eti umechomoa kile kisanduku cha kando ya kitanda, kinachopeleka kliniki habari za kifaa chako cha moyo, kwa sababu jirani amekwambia wezi wa mtandaoni wataingia hadi moyoni? Nitakujibu, ila kwanza niache nimsifu mume wangu. Utaona vinahusiana.

Unajua yeye ni fundi wa vifaa vya hospitali. Mwezi wetu wa kwanza wa ndoa aligundua kwamba mashine zote za dripu zina nywila moja, ileile iliyotoka nazo kiwandani. Wauguzi, wasije wakaisahau, waliiandika kwenye plasta ya vidonda wakaibandika ubavuni mwa kila mashine! Tena zilitumia mtandao uleule wa wageni wanaokuja kuona wagonjwa. Meneja alimcheka: "Bwana mdogo, nani ana muda wa kuiba dripu?"

Bisibisi wangu hakubishana. Aliweka mashine moja mezani mbele ya wakubwa, mrija ukidondoshea maji ndooni, akatoka kukaa kwenye benchi la wageni na simu yake. Dakika nne tu, maji yakaanza kumiminika. Mkuu wa wauguzi akashika kichwa: "Mama yangu! Na ndoo hiyo ingekuwa mtoto?" Hakuna aliyecheka tena.

Plasta zilibanduliwa siku hiyohiyo. Taarifa yake ikafika kwa mamlaka inayosimamia vifaa vya tiba, wakamwita aeleze. Shati lake nililipiga pasi mara tatu! Sasa kuna kanuni mpya: hospitali hainunui kifaa cha mtandao mpaka kiwanda kionyeshe kuwa nywila inabadilika, na kitaje kitaziba mianya ya kupitia wezi wa mtandaoni kwa miaka mingapi. Alinisomea yote kwa sauti, nami moyoni nikaolewa naye upya.

Nilidhani basi atakubaliana na jirani yako. Badala yake aliuliza, "Amekichomoa lini?" Niliposema wiki mbili, aliacha chakula akaipigia kliniki yako. Kumbe visanduku vya aina hiyo vilikuwa na mwanya kweli, na marekebisho yake yanaingia yenyewe, lakini kikiwa kimechomekwa tu. Shangazi, mwizi hajaonekana hata mmoja. Aliyefungiwa nje ni daktari wako.

Weka barua chini, kichomeke. Nakusubiri.

Taa ya kijani imewaka? Haya, nimepumua.

Nisalimie Baba Mdogo na Bibi, na hata huyo jirani. Aliogopa kwa kukupenda. Mungu autunze moyo ulionilea. Bisibisi ameshaomba ruhusa kazini: kabla mwezi huu haujaisha tutabisha hodi kwako, yeye aikague taa, mimi nikuegemee kifuani nisikilize mwenyewe.

Ni mimi, binti yako akupendaye,
Bibi Bisibisi