Urea Iliyopita Vitani

Jumatatu, 22 Desemba 2025

Itangazwe kwa wote wasiohusika: duka langu la pembejeo, hapa Kasulu, leo limepata kiti cha wateja. Plastiki, bluu. Mke wangu Yasmini kasema sasa nitawachosha watu wakiwa wamekaa. Wivu tu.

Wa kwanza kukikalia ni Mzee Nduwayezu wa Kagerankanda. Mahindi yake yamegeuka njano, anataka urea wiki hii hii, la sivyo mwaka huu atakula mabua. Nikamtolea mfuko, na historia juu yake, bure. Nimeisoma mwenyewe kwenye simu — mimi wa darasa la saba! Kwamba Wajerumani walianza kuvuna mbolea hewani kiwandani, 1913. Mwaka uliofuata, vita. Waingereza wakafunga bahari, shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, kutoka Chile haifiki. Basi ile mitambo ya mbolea ikageuzwa ya baruti, ikajengwa na mingine mikubwa zaidi. Vita vya pili, Wamarekani nao wakajenga viwanda vyao kumi. Amani ikaja: viwanda vipo, wa kumpiga hayupo. Ndipo wakamkumbuka mkulima.

Nilieleza vizuri. Vizuri mno. Mzee akausukuma mfuko.

"Mwaka sabini na mbili nilibebwa mgongoni kutoka Burundi, kukimbia baruti. Leo, Badru, niibebe mimi niipeleke shambani?"

Akaondoka mikono mitupu.

Jumatano, 24 Desemba

Yasmini anawauliza wateja kama nimeshawasimulia jembe lilitoka vita gani. Wanacheka. Nimempigia mzee: yuko Mabamba, msibani. Mahindi hayajui msiba.

Jumatatu, 29 Desemba

Karudi jana! Nimepakia mfuko kwenye pikipiki, mpaka kwake. Salamu za Kirundi, amahoro, amahoro, kisha kigoda. Mfuko hakuutazama. Nikasema:

"Mzee, hii ilizaliwa chakula. Vita viliiteka tu. Ukiimwaga kwenye mahindi, inarudi kwao."

Mkewe, Mama Jeanne, akamnong'oneza Kirundi, halafu akanigeukia: hata wao walizaliwa wakulima, wakarudi kuwa wakulima. Mzee akacheka kidogo, akachukua jembe.

Nani mwingine angemgeuza mzee? Bwana shamba na vyeti vyake? Nikabeba mfuko begani, nikatangulia mbele kama jenerali, kilo hamsini, mgongo unalia, moyo unaimba. Tukavuka mgomba wa mwisho.

Mahindi yote yameshatoa mbelewele kileleni: wakati wa urea umepita. Urea sasa ni ya kulisha mabua.