Kwa Uliyesema Ni Mtoto Anachezea

Baba wa binti yangu,

Salamu nakupa kwa sababu dini imenilazimisha, si kwa sababu moyo unataka. Bahasha sikuibandika. Najua barua ya Mahabibo, mtaa wenu huko Mahajanga, hupita mikono mitatu kabla ya kumfikia mwenyewe, na safari hii nataka ipite. Wasome. Asiyejua kusoma asomewe. Nakuandikia Kiswahili, lugha ya babu yangu ya biashara na ya dua, kwa kuwa Kifaransa chako nimeshajua unakitumia kwa kazi gani.

Unakumbuka ulivyoingia kwetu? Desturi yetu ya Kingazidja, mwanamume huoa akahamia nyumba ya mke. Wenzio huingia na makasha. Wewe uliingia na shuka mbili na debe la biskuti. Mama akafurahi akidhani umemletea za chai. Akafungua, akakuta nyaya, taa za kioo mbili na kipande cha kristali kidogo kama ukucha.

"Hii, mama," ukasema, "inazungumza mpaka Mahajanga bila waya."

"Na wewe, mwanangu, unakula mpaka lini bila kazi?"

Tulicheka sote, hata wewe. Siku ile nilikupenda. Sitakana.

Ukanifundisha kugonga herufi kwa kijiko juu ya sinia, nukta na mistari, mimi niliyeacha shule darasa la tatu. Mama akipita anauliza, "Mnatwanga nini bila kinu?" Ukapanda msufi wa nyuma ya jiko ukafunga eriali, nami chini nimeshika waya wa ardhini na mimba ya miezi mitano. Ukaniambia redio hii nguvu yake ni kama ya tochi, basi usimpigie mtu kelele. Sikiliza kwanza. Wenye nguvu wakimaliza, ingia taratibu. Maneno mazuri yale. Ungeyatumia na mimi pia.

Kisha kazi ikapatikana Mahajanga, kutengeneza redio za watu dukani. Ukaenda na mashine kubwa uliyoiunda hapa kwetu, ukaniachia hii ya debe. Tukaagana: kila siku baada ya sala ya alasiri, wewe unaniita kwa zile herufi tatu ulizonipa, mimi naitika. Ulinionyesha kile kitaa cha tochi ulichokitia kwenye njia ya eriali. Nikibonyeza kitufe kikawaka, sauti yangu imetoka. Kisipowaka, nasema na ukuta. Na ukaniapisha debe lisitoke pale kwenye rafu juu ya kitanda, likiguswa tu kristali itateleza. Miezi miwili tuliongea hivyo. Uligonga, "Umekula?" Niligonga, "Anapiga teke." Mambo madogo, lakini nilikuwa nasubiri alasiri kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Akazaliwa. Jina ulisema utalitoa wewe, hewani, siku ya saba, mbele ya wajomba zangu. "Haijapata kutokea kisiwani Nosy Be," ulijisifu. Basi siku ya saba mbuzi amechinjwa, wajomba wamekaa, shehe amekaa, mimi kitandani nimevaa visikizio masikioni. Nakusikia vizuri unaniita. Nabonyeza kitufe. Kitaa hakiwaki. Nabonyeza tena kwa nguvu. Hakiwaki. Unaita, unaita, ukanyamaza. Mjomba mkubwa akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Nikasema, bado. Wakala nyama wakaondoka, na mtoto hana jina.

Nikakuletea barua kwa mashua. Jibu lako ninalo: "Nimekuachia mashine, umeifanya chungu. Mkono wa jikoni haujui waya. Jina nitalitoa nikija." Siku gani, hukusema.

Mama akaanza kumwita mtoto Mgeni. Jirani yetu, yule mwenye duka la mafuta ya ilangilangi, kila akipita dirishani: "Mgeni hajambo? Bado baba yake anatafuta kwenye hewa?" Nilikuwa nalia mgongo nimeupa ukuta, maziwa yanatoka na machozi yanatoka.

Halafu nikachoka kulia. Nikasema nitaitafuta mwenyewe, taratibu, kama ulivyonionyesha. Betri ndogo: taa za kioo zinang'aa nyekundu, basi nzima. Betri kubwa: visikizio vinavuma, basi nayo nzima. Eriali: nikakwangua kutu ya kijani kwenye kiungo, nikafunga upya. Waya wa ardhini: nikamwagia maji pale msumari ulipozama. Kitaa bado hakiwaki. Siku mbili nazunguka debe lile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya tatu nikachukua kisu cha mpini wa mti, nikakilaza juu ya misumari miwili ya kitufe bila kukibonyeza. Kitaa kikawaka! Basi mashine haina ugonjwa wowote, ugonjwa uko kwenye kitufe chenyewe. Nikatazama pale chuma kinapogusana na chuma. Pamefanya utando wa kahawia, unanata. Nikanusa. Ubani.

Umeelewa? Mzazi wetu na mwanawe hufukizwa asubuhi na jioni mpaka arobaini. Mama alikuwa anaweka chetezo chini ya kitanda, na debe lako liko juu ya kitanda, palepale uliponiapisha lisitoke. Moshi wote wa kumlinda mwanao ulikwenda kuganda kwenye kitufe chako. Mkono wa jikoni haukuvunja kitu. Nilipitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya vile vyuma, nikabana, nikavuta, mara tano sita, kikatoka cheusi. Kazi ya dakika moja. Fundi mkubwa wa Mahajanga hakuwaza kuniuliza, "Mmefukiza?"

Siku hiyohiyo alasiri nikakuita. Kitaa kinawaka kila nukta. Kimya. Kesho yake kimya. Keshokutwa vilevile. Siku ya nne nikafanya ulivyonifunza, nikasikiliza kwanza. Nikakusikia. Kila mgongaji ana mkono wake, na wako naujua, mstari wa mwisho unauburuza kama mtu mwenye kiatu kikubwa. Ulikuwa unaongea Kifaransa na mtu wa Diego, mji ule wa kaskazini, hali ya hewa, eriali, mnachekeana. Nikasubiri mkanyamaza, nikaingia taratibu na herufi zangu tatu.

Mtu wa Diego akakugongea: kuna kituo kidogo kinakuita.

Ukamjibu: "Achana nacho. Ni mtoto anachezea."

Darasa langu la tatu lilitosha kwa Kifaransa hicho. Nilisikia kila nukta.

Ukafunga mashine. Yule mtu hakufunga. Akaniita mimi, polepole, kama anayenyoosha mkono kumshika kipofu: wewe nani? Mtoto alikuwa kwenye ziwa langu la kushoto. Nikagonga jina, hapohapo, jina lililokuja lenyewe, nikamwambia ni la binti yangu. Akalirudisha herufi kwa herufi, hakukosea. Kesho yake nikawaita wajomba, nikalitamka mbele yao, shehe akaomba dua.

Juzi umemtuma mdogo wako Ali. Amekunywa chai yetu, amekula vitumbua vyetu, ndipo akasema, "Shemeji, kaka anataka ile redio. Kuna mtu anaitaka."

"Na mtoto je, anamtaka nani?" mama akamuuliza.

"Mimi nimetumwa redio tu, mama."

"Kaka yako bado yuko Mahabibo?"

"Amehamia Belobaka, nje ya mji."

"Belobaka kwa nani?"

Ali akaangalia vidole vya miguu yake kama anavihesabu. Tukajua. Nyumba ipo, na mwenye nyumba si mwanamume.

Usidhani nimekaa chini. Wanawake wa Andoany, mji wetu huu, wananiletea redio zao zilizonyamaza. Nyingine ni kutu tu, nyingine mende. Watu wanasema nchi sasa ni yetu, si ya Wafaransa tena, na mimi naamini, naamini binti yangu atakaa darasani mpaka mwisho na hakuna atakayemwambia mkono wake ni wa jikoni.

Mashine haitoki humu kwa mkono wa Ali. Uje wewe. Usimame mbele ya wajomba zangu useme huyu ni mwanangu na huyu ni mke wangu. Ama utamke talaka mbele yao, niwe huru na miaka yangu ishirini. Katikati hakuna kitu. Ukishasema moja, debe lako ubebe.

Jina la mtoto sikuliandika humu, na nimemkataza Ali kulitaja. Andoany wote wanalijua. Mtu wa Diego asiyetujua analijua. Wewe utaliuliza kwa mdomo wako mwenyewe, umesimama mlangoni petu, na nitakujibu nikipenda.

Kwaheri, kama unaistahili.

Ni mimi, mama yake.