Maelezo ya Figo Zangu

Bi Mwanakombo,

Shikamoo. Na kwa hisani yako, safari hii usiitikie.

Tangu tukuzike, kazi ya kuwafafanulia wagonjwa maneno ya madaktari nimebaki nayo peke yangu. Yule uliyemtoa kwenye kubeba sinia hotelini Diani, ukamwambia, "Ulimi unao, Hamisi, kilichobaki ni akili," ndiye anayekalia kiti chako. Akili bado naisubiri. Wiki ya kwanza nilimweleza mzee mmoja biopsi: "Watakata kinyama kidogo, kipelekwe Mombasa kikatazamwe." Akasimama. "Kinyama changu hakiendi Mombasa bila mimi!" Akaondoka na shuka la kliniki. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike ukuta.

Lakini siku hizi wagonjwa huja wameshaelezwa.

Mama mmoja wa Kinango, ambaye hajawahi kufika kwetu, nilipoanza tu habari za figo alinikatiza. "Figo ni vifumbu viwili, baba. Damu hupita humo kama tui... machicha yakabaki. Vyangu vimechakaa." Maneno yako, hata lile tuo lako baada ya "tui". Nikamuuliza nani kamwambia. Akaelekeza kidevu kwenye benchi la mwisho. "Yule mama. Mpeni leso, ana baridi."

Benchi lilikuwa tupu.

Nikajiambia umewaeleza wengi miaka yote hiyo, na watu huhadithiana. Nikaridhika. Mimi huridhika upesi, wanijua.

Kisha zamu ikanifikia. Miguu ilivimba, nikapimwa, na daktari akanipa majibu kwa Kiingereza cha haraka, cha watu wa kazi moja. Figo zangu. Ugonjwa sugu. Neno hilo nimewafasiria watu mara ngapi: ugonjwa usioondoka, wa kukaa nao. Nililisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Siku ile niliitikia kwa kichwa tu, kama wale wagonjwa niliokuwa nikiwaona wagumu wa kuelewa. Nyumbani nikamwambia mke wangu, Mwanajuma, kwamba ni uchovu wa kukaa kitini.

Nikamficha majuma matatu. Juzi mchana, naonja mchuzi, hauna chumvi. Nikamtania, "Mke wangu, umesahau chumvi au umempenda mwingine?"

Hakucheka. "Si umeniambia mwenyewe niipunguze?"

"Lini?"

"Unapolala. Wanieleza habari za figo zako, taratibu, jambo moja moja. Ila sauti si yako, Hamisi. Ni ya mwanamke. Na waniita 'mwanangu'."

Hata wazee waliokuzidi umri uliwaita hivyo.

Anasema kila mara sauti hufika mahali palepale: "Na muda uliobaki, mwanangu..." Kisha hunyamaza, nami nafumbua macho, simjui hata yeye kwa kitambo. Akanishika mkono. "Malizia. Nangojea." Nikasingizia adhana, nikatoka mbio, na miguu yangu hii.

Nimefikiri siku mbili. Ulinifundisha kwamba neno zito lisemwe mtu akiwa ameketi, na msemaji asitoke mpaka aulizwe swali la pili. Yote mengine umenisemea. Hili la muda uliobaki umeniachia, wala si kwa kusahau.

Leo baada ya alasiri nitaketi na Mwanajuma. Nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba patahitajika mashine ya kunichuja damu, mara mbili kwa juma, na kwamba kuhusu muda daktari hakunipa jibu la kunifurahisha. Akilia, nitakaa. Akiuliza swali la kumi, nitakaa.

Basi nawe lala, mwalimu wangu. Mola akupe mapumziko uliyowanyima wavivu kama mimi. Nakuahidi, kuanzia leo chumbani mwetu hamtasikika usingizini ila kukoroma kwangu. Mwanajuma amevumilia mkoromo huo miaka ishirini. Nataka ausikie tena.

Mwanafunzi wako,
Hamisi