Mlinzi wa Zamu Kisimani

Hodan mjukuu wangu, salaam aleikum. Garissa kumenyesha, na nyanya yako ni mzima. Sauti yake inafika hadi sokoni.

Umeuliza kama nimeelewa zile protini ulizonieleza, zinazozuia seli zisigawanyike kabla ya zamu yao, na kwamba zikilegea saratani inamea utumboni. Nimeelewa. Ujanani nililinda zamu za kunywesha mifugo kisimani Tarbaj. Siku moja msichana alileta ngamia wa babake, akatabasamu, nikampitisha mbele. Kuona hivyo, wengine wote wakasukumana, birika la udongo la kunyweshea likavunjika. Kwa faini, wazee walimchinja mbuzi wangu, wakamla mbele yangu.

Msichana huyo ni nyanya yako. Tangu nione damu chooni ananiambia niende nikapimwe utumbo. Kesho naenda. Bado siwezi kumkatalia.

Babu yako