Mgwisho wa Baba Mkwe

Jumamosi, 2 Oktoba 1954

Joto, na mvua bado. Nzi! Kwenye uji nzi, kwenye maziwa nzi, kwenye macho ya Tuntufye wangu nzi. Ndiyo kwanza anatambaa, kila anachookota kinakwenda mdomoni. Mwaka jana, msimu huu huu, mtoto wa wifi Felista aliharisha siku chache tu, tukamzika. Dresa, mganga wa dispensari, alisema ni nzi waliomletea ugonjwa. Wengi hapa Ibaba walicheka. Baba mkwe hakucheka.

Leo wenzake wako kwenye pombe, yeye anahamisha samadi ya zizini, kapu kwa kapu, mpaka ng'ambo ya kijito. Peke yake, na umri ule!

Jumanne, 5 Oktoba

Sijawahi kuuona uso wake. Miaka miwili nimeolewa hapa! Ndiyo desturi yetu Wandali: mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Nazijua nyayo zake, nakijua kikohozi chake. Akikaribia anakohoa — mimi mbio, migombani. Leo nilikimbia na mwiko mkononi, uji ukaungua. Nzi wakanifuata huko huko. Wao hawana mkwe.

Mzee kachonga kifuniko cha choo, kizito, kinaziba barabara. Kisha amri. Yeye uani, mimi ndani, ukuta tu katikati, nasikia kila neno: maziwa yafunikwe, makombo yafukiwe na jivu. Hata hivyo mama mkwe, mama Marita, akaingia kuniambia yote upya. Nikajibu ndiyo. Akatoka kumpelekea hiyo ndiyo yangu! Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo.

Ijumaa, 8 Oktoba

Mama mkwe kaniletea chandarua. Cha baba mkwe! Alirudi nacho kutoka vitani, halali bila hicho. Hata Yonasi, mume wangu, alipokwenda Saza kuchimba dhahabu alikiomba, akanyimwa. Sasa baba kasema ni cha Tuntufye, alale mchana bila nzi.

Nililia kidogo. Nampenda mzee huyu, na siwezi kumwambia.

Jumatatu, 11 Oktoba

Naandika kwa penseli, nimekaa kando ya njia. Mama yuko Itumba msibani. Jana homa ilinishika, na leo asubuhi Tuntufye kaanza kuharisha. Nikajilaza naye mkekani barazani, nguvu sina, chandarua kipo ndani wala sikukikumbuka. Usingizi ukanipitia.

Niliamshwa na upepo. Fyu, fyu. Mgwisho wa kufukuzia nzi, wa mkia wa ng'ombe! Unapita juu ya mtoto, unapita juu yangu. Na hakukohoa! Niliona kidole gumba cha mguu, nikajifunika kanga usoni upesi. Aibu! Na hofu pia — watu wakijua watasema nini?

Mgwisho haukusimama. Kisha akasema, si na mimi, na mtoto:

"We Tuntufye, mwambie mama yako hatumngoji bibi yako. Mimi nakubeba, twende kwa dresa. Yeye aje nyuma, mbali. Asiponiona atanisikia. Mwambie mwaka huu sitaki kuzika mtoto."

Mzee huyu! Mjumbe hayupo, kamfanya mtoto mchanga kuwa mjumbe. Nami nikamjibu Tuntufye, chini ya kanga: mwambie babu yako nakuja.

Ndivyo tulivyokuja. Kila kona anakohoa ili nijue njia. Sasa miguu imeniishia. Yeye ananingoja kule mbele, kakaa juu ya jiwe, kanipa mgongo. Mgongo wenyewe mdogo, sikudhani. Hajageuka hata mara moja. Mgwisho unakwenda juu ya mtoto, haupumziki.

Tuntufye halii tena. Sijui kalala, sijui nini. Dispensari bado, mlima huu na kushuka.

Anakohoa. Miaka miwili nakikimbia kikohozi hicho!

Anakohoa tena, kwa nguvu. Naenda.