Jina la Zuhura Bado Limo

Visiga, Jumamosi jioni. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika, sasa ni fukuto tupu. Sina furaha wala huzuni. Nimechoka tu.

Darasa langu la Kidato cha Tatu lina wiki yake. Si ile ya siku saba, kama wanavyonitania. Ni kurasa za mtandaoni ambazo mwanafunzi anaandika na mwenzake anarekebisha. Tulizianza mwaka jana, tunakusanya fasihi simulizi ya huku Pwani. Kila anayeongeza neno, jina lake linaonekana.

Jumatano mkuu wa shule aliniita. Alitaka niwaondoe kwenye wiki wote wasiokuwamo kwenye rejesta.

"Madam, leo wanaandika methali, kesho wataandika matusi. Nani atajibu?"

Sikubishana. Nikaenda chumba cha kompyuta kufuta.

Jina lilikuwa moja tu. Zuhura.

Zuhura aliacha shule mwaka jana alipopata ujauzito. Mama yake, jirani yangu hapa Visiga, akampeleka kwa bibi yake Msimbu, kule Kisarawe. Nilidhani ameshatusahau. Kumbe ukurasa wa nyimbo za kubembeleza watoto karibu wote ni wake. Wenzake waliandika kwamba nyimbo hizo ni za kumlaza mtoto. Yeye akaongeza: "Nyingine mama anajiimbia mwenyewe, mtoto anasikia tu." Chini yake wamemuuliza maswali mengi, naye amejibu yote.

Sikufuta. Wala sikumwambia mkuu kwamba sijafuta.

Leo nimekwenda Msimbu. Bibi nilimkuta anamenya muhogo, mtoto kalala mkekani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia sana. Zuhura akatoka ndani, akasimama wima kama mwalimu ameingia darasani.

"Mwalimu, nimekosea? Simu ni ya bibi. Naandika mtoto akilala."

Nikamwambia hajakosea. Nikamwambia pia kwamba siku hizi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Alikuwa anajua.

"Nikirudi nitakaa na akina nani? Wenzangu wameshanipita. Nitakuwa mama peke yangu darasani."

Nikamtazama mtoto pale mkekani.

Aliyejibu ni bibi, kisu bado kiko mkononi. "Na huko kwenye simu unacheka na akina nani kila siku? Nenda. Mama yako nilimlea mimi, huyu atanishinda?"

Zuhura alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza kama sketi yake ya zamani itamwenea.

Tumekubaliana waje Jumatatu, yeye na bibi, kumwona mkuu. Itabidi mimi nitangulie kumweleza kwa nini jina bado limo. Huenda akakasirika. Huenda akakubali, si mtu mbaya, anaogopa tu wakubwa wake. Hilo silihofii sana.

Wakati wa kuondoka bibi alinisindikiza hadi barabarani. Bodaboda ilipowashwa akanishika mkono.

"Mwanangu, usimpeleke akachekwe."

Nikasema sawa, bibi. Nilisema haraka mno.

Mkuu nitaweza kuongea naye. Lakini saa ya mapumziko, mimi nikiwa ofisini na Zuhura yuko nje na wenzake, nitamzuia nani asimcheke?